Max Looff na Boila za Manowari ya Bomba Tatu

Max Looff alizaliwa mwaka 1874 Strasbourg, mji ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ujerumani, akaja kuwa ofisa wa jeshi la majini. Wengi wetu tukimsikia tunakumbuka mizinga tu. Lakini ukifuatilia maisha yake vizuri, kilichoyaamua ni moto wa boila.

Juni 1914 alifika Dar es Salaam akiwa nahodha wa Königsberg. Meli ilikuwa na mabomba matatu ya moshi, watu wa pwani wakaiita manowari ya bomba tatu. Chini yake zilikuwamo boila 11. Makaa ya mawe yanachemsha maji, mvuke unasukuma injini. Maji ya bahari hayafai, kwa sababu chumvi inaganda kama ukoko ndani ya mirija. Na boila ikishapoa haiamshwi kwa kubonyeza swichi. Ni kazi ya saa kadhaa.

Tarehe 20 Septemba 1914 alfajiri, Looff aliingia Zanzibar akaikuta manowari ya Waingereza, Pegasus, imetia nanga kwa matengenezo ya mitambo. Haikuweza kukimbia. Aliizamisha, na zaidi ya wanamaji 30 wakafa. Basi, muda mfupi baadaye injini yake mwenyewe ikaharibika! Akarudi kujificha delta ya Rufiji, upande wa Salale.

Hapa ndipo watu wa huku kwetu wanapoingia. Vyuma vilivyoharibika vilifunguliwa, vikaburutwa na wapagazi kwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 100, kisha vikarudishwa. Injini ikapona. Lakini 30 Oktoba Waingereza walikuwa wameshaiona meli, wakaziba njia. Makaa yakawa haba. Aprili 1915 meli ya Rubens ilimletea mzigo wa makaa, ikashambuliwa ghuba ya Manza, karibu na Tanga. Makaa hayakumfikia.

Wanachuo wenzangu, somo hili lipo hata kwenye bafu la nyumbani. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 65 kunataka karibu uniti 4.7 za umeme, au kuni za kutoa joto hilohilo. Fundi mzuri haanzi na ukubwa wa boila. Anauliza kwanza: maji mangapi, saa ngapi, nishati itatoka wapi? Kisha anaweka tangi lililofunikwa vizuri lisipoteze joto, ili moto uwake wakati kuni zipo na maji yatumike baadaye. Melini hakuna akiba ya namna hiyo. Moto ukizimika, mvuke nao unakwisha. Looff alikuwa na boila 11 na injini nzima, ila chanzo cha joto kilikuwa mikononi mwa adui.

Julai 1915 Waingereza walileta meli mbili zinazoweza kupita maji ya kina kifupi, Severn na Mersey. Tarehe 11, Looff akiwa amejeruhiwa, Königsberg ililipuliwa na watu wake wenyewe. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikaburutwa tena na wapagazi kwenda kupigana nchi kavu. Looff naye alipigana huko hadi alipotekwa Novemba 1917.

Baada ya vita alirudi Ujerumani akaandika vitabu, kimoja akakipa jina la Kiswahili, Tufani. Alifariki 1954, akiwa na miaka 80. Jina lake lipo maktaba. Ya waliovuta vile vyuma kwenye matope hayapo. Sisi tunaosomea ualimu, tukienda kufundisha Kibiti au hapa Mtawanya, tuwaulize wazee kwanza kabla ya kufungua kitabu. Huenda jina moja au mawili bado yanakumbukwa kwenye ukoo fulani, na wazee wenyewe wanapungua kila mwaka.