Mgeni aliyejenga kwa Wakipsigis

Huku kwetu mwambao mgeni tunamjua kwa nyumba yake. Yuko anayeanza na ukuta, na njia ya pwani waliyopita wazee wetu ikazibwa siku hiyo hiyo. Na yuko anayeanza kwa kuuliza jirani zake ni kina nani. Leo tupande bara, wasomaji wangu, mpaka Kericho na Bomet kwenye nchi ya chai, tumtazame mgeni wa namna ya pili. Jina lake Ian Orchardson, na amekufa zamani.

Baba yake alikuwa Sir William Quiller Orchardson, mchoraji Mskochi aliyekuwa na jina kubwa London. Picha yake ya Napoleon akiwa melini, mateka wa Waingereza, yajulikana hadi sasa. Mtoto wa nyumba kama ile hakosi pa kukaa kwao. Lakini mnamo mwaka 1910, ndio mwaka aliofariki baba yake, Ian alifika Kericho. Msafiri wa zama hizo alishuka Kilindini, akapanda gari la moshi mpaka stesheni ya Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, kisha akashika njia ya milimani.

Hakuikuta nchi tupu. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza lilikuwa limewashambulia Wakipsigis wa Sotik, likaua watu na kuswaga ng'ombe wao. Baadaye ardhi ikapimwa na kugawiwa walowezi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ekari 25,000 za Kericho walipewa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Wakalima kitani, bei ikaanguka, wakashindwa. Katikati ya miaka ya 1920 zikaingia kampuni za Brooke Bond na James Finlay, na vilima vikavaa chai. Orchardson mwenyewe ni katika wale waliojaribu chai Kericho mapema, kabla ya kampuni hizo. Kwa hivyo tusimfanye malaika. Mlango aliopitia ulivunjwa kwa bunduki.

Lakini akishaingia, alikaa tofauti na wenzake. Walowezi wengi waliwajua Wakipsigis kama vibarua tu, na lugha yao wakajifunza maneno ya kuamrisha. Yeye alijifunza Kikipsigis cha kuzungumza na wazee. Alioa mwanamke wa Kikipsigis na akaishi na watu wale miaka mingi. Wakati huo mzungu aliyemuoa Mwafrika alitazamwa na wenziwe kama aliyejivunjia heshima.

Na kukaa na Wakipsigis kulikuwa na adabu zake. Nyumba yao ya kale haitamshangaza mtu wa Kwale au Lamu. Nguzo husimamishwa, fito zikafungwa, kisha zikakandikwa udongo. Tofauti ni kwamba ni ya duara, na juu huezekwa nyasi pale ambapo sisi tungeweka makuti. Ndani huwa na sehemu ya mbuzi. Kazi si ya mtu mmoja, majirani huja kusaidia. Ujirani huo una jina, kokwet, na wazee wa kokwet ndio huamua mambo ya mipaka, mifugo na ugomvi. Nguzo anaweza kununua yeyote mwenye pesa, lakini kokwet haiuzwi.

Kati ya mwaka 1929 na 1937 Orchardson aliandika aliyoyajua: imani yao juu ya Asis, sheria zao, jando lao, na ndoa zao ambazo hufungwa kwa uzi wa nyasi mkononi. Mwaka 1939 msomi J. G. Peristiany alitoa kitabu chake juu ya Wakipsigis. Yeye alikuja kufanya utafiti kisha akarudi Ulaya. Maandishi ya Orchardson, mtu aliyekuwa mkaazi, yakabaki bila kuchapishwa. Mwaka 1961 ndipo yalipotoka kama kitabu, The Kipsigis, baada ya kufupishwa na A. T. Matson. Mwandishi hakuwahi kukiona.

Ninamkumbuka mtu huyu kwa sababu mpaka leo Wakipsigis wanadai haki ya ardhi yao iliyo chini ya chai, na sisi mwambao tunadai yetu. Wema wa mgeni mmoja haurudishi shamba lililochukuliwa na serikali. Ndoa yake na kitabu chake havikuwarudishia Wakipsigis hata ekari moja. Hilo ni la sheria, na lidaiwe kwa sheria.

Lakini maisha yake yanatupa kipimo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe hilo ni kazi ya ujirani: kujua lugha, kuitwa kwenye msiba na kwenda, kukubali kuamuliwa na wazee wa mahali. Anayekuja kwetu na hati mkononi tumpime kwa hayo. Na vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi Kericho na Bomet, nao wajipime. Miaka kumi unakaa kwa watu, na hujui hata salamu yao?