Dorothy Andersen na Mlo wa Kijana

Nikisikia sistiki faibrosisi, namkumbuka Dorothy Andersen, Mmarekani aliyezaliwa 1901. Alifiwa na wazazi wote angali kijana, akasomea udaktari Johns Hopkins, akahitimu 1926. Alitaka kuwa daktari wa upasuaji, akanyimwa nafasi kwa kuwa ni mwanamke. Basi akaenda kuchunguza maiti.

Mwaka 1935 akahamia hospitali ya watoto New York. Huko alimchunguza mtoto aliyedhaniwa kafa kwa ugonjwa wa siliaki, akakuta kongosho limejaa makovu. Hakuishia hapo. Alikusanya visa 49, na 1938 akaonyesha kuwa huo ni ugonjwa mwingine kabisa: vimeng'enya vya kongosho havifiki kwenye utumbo, mafuta hayasagwi, mtoto anakula na bado anakonda.

Enzi zake walipewa chakula chenye mafuta kidogo. Baadaye madaktari wa Toronto wakageuza: mafuta mengi, na vimeng'enya vya kumeza kila mlo. Wagonjwa wao wakaishi muda mrefu zaidi.

Andersen alifariki 1963, wakati wengi hawakufika ujana. Leo wanafika, na kasheshe inaanzia hapo. Kijana anaambiwa ale kuliko wenzake, huku kikohozi kimemmalizia hamu. Ameze vidonge mbele ya marafiki, tena kila anapokula. Wengine wanaviacha ili wasionekane tofauti; wapo pia wanaopenda wembamba wao. Kumkaripia hakusaidii, jamani. Kabla ya kumwandikia orodha nyingine ya vyakula, naona tumuulize kwanza: unakula na nani, na vidonge unavimezea wapi?