C. M. G. Argwings-Kodhek: Mwana wa Gem Aliyefungua Mlango wa Mahakama

Kila mwaka katika kijitabu hiki tunamkumbuka mmoja wa wazee wetu waliotangulia. Mwaka huu mchango wetu unaelekezwa kwenye karo za vijana wanaosomea sheria, nasi tumeona haifai kumkumbuka mwingine kabla ya Clement Michael George Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili.

Alizaliwa hapa kwetu mwaka 1923. Alisoma hadi Makerere, kisha akafundisha shule. Mwaka 1947 alipata ufadhili wa kwenda Uingereza. Serikali ya kikoloni ilimtuma akasome masomo ya jamii, maana haikuwa na haja ya Mwafrika anayejua sheria. Yeye alipofika huko akageukia sheria.

Vijana wetu wa leo wajue safari hiyo ilikuwaje. Wakati ule Afrika Mashariki nzima haikuwa na kitivo cha sheria. Cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, na Kenya School of Law ikafuata mwaka 1963. Aliyetaka kuwa wakili ilimbidi ajiunge na kimoja cha vyama vinne vya kale vya mawakili jijini London. Humo alihesabiwa mihula 12, na kila muhula ulihesabiwa kwa kuhudhuria chakula cha jioni ukumbini pamoja na mawakili na majaji. Pamoja na hayo kulikuwa na mitihani, na ndani yake sheria ya jinai, ushahidi na mwenendo wa kesi mahakamani.

Somo hilo la mwenendo wa kesi halina mapambo, lakini ndilo linaloamua maisha ya mtu. Linafundisha jinsi hati ya mashtaka inavyoandikwa, nani aanze kusema, shahidi wa upande wa pili ahojiwe vipi, na ungamo gani likataliwe. Mwanafunzi wa enzi ile alisoma kesi ya Woolmington ya mwaka 1935, ambayo Mabwana wa Sheria wa Uingereza waliamua kwamba mzigo wa kuthibitisha kosa ni wa upande wa mashtaka, wala si kazi ya mshtakiwa kuthibitisha kwamba hana hatia. Alifundishwa pia kwamba ungamo lililotolewa kwa kipigo au kwa ahadi si ushahidi.

Argwings-Kodhek alirudi nyumbani na elimu hiyo wakati nchi inaingia kwenye moto. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Alipewa nafasi katika ofisi ya mwanasheria mkuu kwa mshahara pungufu sana kuliko wa Mzungu wa kazi ile ile. Akakataa, akafungua ofisi yake mwenyewe.

Mwaka 1953 serikali iliunda mahakama maalum za kuharakisha kesi za Mau Mau. Mtu aliweza kuhukumiwa kifo si kwa kuua tu, bali hata kwa kukutwa na risasi. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na baraza la Wazungu wenzake la kuamua kesi yake. Mwafrika alikaa mbele ya jaji na wazee wa baraza, ambao jaji hakulazimika kufuata maoni yao. Kabla ya hali ya hatari kwisha, Waafrika zaidi ya 1,000 walikuwa wamenyongwa.

Humo ndimo mwana wetu alimosimama kuwatetea washtakiwa, pamoja na mawakili wachache wenye moyo, wengi wao Wahindi. Watu hao hawakuwa wa kabila lake, na wengi hawakuwa na kitu cha kumlipa. Walowezi walimwita wakili wa Mau Mau kwa dharau. Kwa familia zilizokuwa zikingoja nje ya mahakama, jina hilo lilikuwa heshima.

Siasa ilimwita pia. Serikali iliporuhusu vyama vya wilaya mwaka 1955, aliongoza Nairobi District African Congress. Mwaka 1957 alishindwa na Tom Mboya katika uchaguzi wa Nairobi. Baada ya uhuru alituwakilisha bungeni akiwa mbunge wa Gem, na hatimaye akawa waziri wa mambo ya nje. Alifariki tarehe 29 Januari 1969, jijini Nairobi. Serikali ilisema ni ajali ya barabarani. Huku nyumbani wengi hawakuridhika, na hadi leo wapo wasioridhika. Barabara ya Hurlingham alikofikwa na mauti sasa ina jina lake.

Je, kazi yake imekwisha? Katiba ya 2010 inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya kuwa na wakili. Lakini haki iliyoandikwa haisimami kortini yenyewe. Mjane wa shamba na kijana wa bodaboda wanahitaji mtu anayejua lini aseme napinga, na kwa nini.

Tunao vijana waliopata nafasi ya kusoma sheria chuo kikuu, na wengine wamemaliza shahada wakakwama kwa karo ya Kenya School of Law. Yeye alivuka bahari kutafuta elimu hii. Wao wanahitaji kuvuka hadi Nairobi tu. Jazeni kadi ya ahadi iliyo mwishoni mwa kijitabu, kila mtu kwa uwezo wake. Haba na haba hujaza kibaba.