Mtwa Mkwawa wa Uhehe

Karibu na mji wa Iringa kipo kijiji kiitwacho Kalenga. Hapo ndipo yalipokuwa makao ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Kwa Kihehe mtawala huitwa mtwa.

Mkwawa alizaliwa yapata mwaka 1855. Baba yake, Munyigumba, aliunganisha makabila madogo yakawa nchi moja. Munyigumba alipofariki, watu waligombea utawala. Mwishowe Mkwawa alishinda. Jeshi lake lilikuwa na nguvu, na majirani zake walimwogopa kwa sababu aliwapiga vita.

Kisha wakaja Wajerumani. Walitaka Mkwawa awatii, naye akakataa. Mwaka 1891 jeshi lao, likiongozwa na Zelewski, liliingia Uhehe. Tarehe 17 Agosti lilipita Lugalo. Wahehe walikuwa wamejificha. Waliwavamia ghafla kwa mikuki, na mapigano hayakuchukua muda mrefu. Zelewski aliuawa pamoja na askari wake wengi. Wahehe wengi nao walikufa, lakini waliteka bunduki nyingi.

Wajerumani hawakusahau. Walirudi mwaka 1894 na mizinga. Kalenga ilikuwa imezungushiwa ukuta wa mawe, lakini tarehe 30 Oktoba ngome ilianguka. Mkwawa aliponyoka.

Kwa miaka karibu minne aliishi porini. Wananchi walimficha na kumpelekea chakula na habari. Waliteseka sana kwa ajili hiyo. Wajerumani walimtawaza ndugu yake, Mpangile, kisha mwaka 1897 wakamwua kwa kumshuku kuwa anamsaidia Mkwawa. Walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta Mkwawa. Hata hivyo hawakumpata akiwa hai.

Tarehe 19 Julai 1898 askari walikaribia maficho yake huko Mlambalasi. Mkwawa alijipiga risasi, maana hakutaka kukamatwa. Wajerumani walikata kichwa chake, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mwili ulizikwa Mlambalasi bila kichwa.

Jambo hilo liliwauma Wahehe. Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mkataba wa amani uliagiza fuvu hilo lirudishwe. Miaka mingi ikapita bila kurudishwa. Ndipo Gavana Twining wa Tanganyika alipokwenda kulitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu linaloaminika kuwa la Mkwawa lilikabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, mbele ya Wahehe waliokusanyika Kalenga. Walikuwa wamengoja miaka 56. Baadaye Adam Sapi alikuwa Spika wa Bunge.

Fuvu hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Kalenga. Jina la Mkwawa limepewa chuo kikuu kishiriki kilichopo Iringa, na jina la Lugalo limepewa kambi ya jeshi Dar es Salaam.

Ndugu msomaji, kila kijiji kina watu wake wa kukumbukwa. Wahehe walimkumbuka Mkwawa kwa kusimuliana. Wewe sasa unajua kuandika. Waulize wazee wa kijiji chako, uandike watakayokueleza, yasipotee.

Maswali
1. Kwa nini Wahehe walishinda Lugalo?
2. Wananchi walimsaidiaje Mkwawa alipokuwa porini?
3. Kwa nini Wahehe walitaka fuvu lirudishwe?
4. Katika kijiji chenu, ni nani anayestahili kukumbukwa? Jadilianeni.