Kevork, Mgeni Aliyewatungia Wahabeshi Wimbo wa Taifa

Hapa Kibirichia, penye baridi na viazi, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, ukiita Joji sokoni wataitika kumi. Asili ya jina hilo ni Kigiriki na maana yake ni mkulima, basi wenyeji hawa wamelistahili. Mtu wa pwani kama mimi hulijua kwa umbo la Jirjis, ambaye kisa chake kimo katika tarehe ya Tabari. Wahabeshi husema Giyorgis. Waarmeni nao husema Kevork, na leo nataka kumweleza Kevork mmoja aliyepokewa huko Uhabeshi, mwisho wa ile barabara ipitayo Isiolo, Marsabit na Moyale.

Kevork Nalbandian alizaliwa mwaka 1887 katika mji wa Aintab, Uturuki ya leo. Kuanzia mwaka 1915 Waarmeni wa nchi ile waliuawa na kufukuzwa makwao kwa malaki, na watoto wasiohesabika wakabaki mayatima. Baadhi yao walipata hifadhi kwa watawa wa Kiarmeni mjini Jerusalem. Mwaka 1924 Ras Tafari, ambaye baadaye aliitwa Mfalme Haile Selassie, alizuru mji huo, akawaona wavulana arobaini wakamvutia. Akamwomba Patriaki wao ruhusa ya kuwachukua. Septemba mwaka huo waliingia Addis Ababa, na kiongozi wao katika muziki alikuwa Kevork, mtu wa miaka 37. Wakawa bendi rasmi ya kwanza ya dola.

Mwislamu hawezi kusikia habari hii asimkumbuke Najashi, aliyewapa hifadhi masahaba wa Mtume (S.A.W.) katika nchi hiyo hiyo. Lakini simfananishi Ras Tafari naye. Waislamu wa Uhabeshi hawakupata usawa chini ya utawala wake, na huenda haja yake kubwa ilikuwa matarumbeta ya kupamba ufalme. Hata hivyo watoto wale walipata pa kulala na kazi ya mikono yao, na hilo nalo si dogo.

Mwaka 1926 Kevork alitunga muziki wa wimbo wa taifa. Maneno yaliandikwa na Yoftahe Negusse. Tarehe 2 Novemba 1930 ukapigwa siku mfalme alipotawazwa, katika kanisa la Giyorgis, yaani wajina wake Kevork! Wazee wa Lamu na Mombasa, walioshindana kwa beni zao na magwaride yake, wangeielewa vizuri fahari ya shaba siku ile. Tofauti ni kwamba huyu mpigishaji hakuwa na nyumba nyingine ya kurudi baada ya ngoma.

Mpwa wake, Nerses Nalbandian, alimfuata Uhabeshi mwishoni mwa miaka ya 1930, akawafundisha wanamuziki wengi wa Addis Ababa mpaka alipofariki mwaka 1977.

Kevork mwenyewe alifariki mwaka 1963, mwaka ule ule ambao sisi Kenya tulipata wimbo wetu, uliotokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto. Wimbo wake uliendelea kupigwa miaka kumi na miwili zaidi. Mwaka 1974 wanajeshi walimpindua mfalme, na mwaka uliofuata wakauweka mwingine.