Baba aliyechelewa kumwona mama

Ukiteremka kutoka Kitahana, ukapita Kasulu hadi Kigoma mjini na kuingia Ujiji, utakuta mnara wa kumbukumbu ya Dk. David Livingstone. Hapo Ujiji ndipo Stanley alipomkuta mwaka 1871. Shuleni tulifundishwa kuwa alikuwa mmisionari, daktari na mpinzani wa biashara ya utumwa. Leo naomba tumtazame kama baba wa watoto.

Livingstone alizaliwa Uskoti mwaka 1813. Mwaka 1845, huko Kuruman, Afrika Kusini, alimwoa Mary Moffat, binti wa wamisionari. Mwaka uliofuata walipata mtoto wa kwanza, Robert. Baadaye wakazaliwa Agnes na Thomas.

Baba huyu alikuwa na haraka ya kufika mbali. Mwaka 1850 alivuka jangwa la Kalahari pamoja na mkewe mjamzito na watoto wadogo. Waliporudi, Mary alijifungua mtoto wa kike, Elizabeth. Mtoto huyo aliishi wiki chache tu, naye mama akapooza upande mmoja wa uso kwa muda.

Mwaka 1851 wakaenda tena, na Mary alikuwa mjamzito tena. Mama mkwe alikuwa amemwandikia Livingstone barua kali ya kumkanya, lakini hakusikia. Jangwani maji yaliwaishia, watoto wakalia kwa kiu siku kadhaa. Livingstone mwenyewe alikiri baadaye kuwa mkewe hakumlaumu kwa maneno. Machozi yake yalitosha. Katika safari hiyo, kando ya mto, Mary alijifungua William Oswell.

Mwaka 1852 baba aliwapandisha melini mama na watoto wanne kwenda Uingereza. Wakaishi kwa shida, wakihama nyumba hii hadi ile, kwa zaidi ya miaka minne. Mume aliporudi mwaka 1856, nchi nzima ilimshangilia. Aliyekuwa amelea watoto peke yake hakupigiwa vigelegele kama hivyo.

Mtoto wa mwisho, Anna Mary, alizaliwa mwaka 1858 baba yake akiwa kwenye mto Zambezi. Mary alimfuata mumewe huko mwaka 1862, na baada ya miezi michache akafa kwa homa pale Shupanga, Msumbiji. Alizikwa chini ya mbuyu. Yule mwanamume aliyestahimili simba, njaa na homa alilia kama mtoto.

Hapo ndipo macho yake yalipofumbuka. Mwaka 1864 alirudi Uingereza, akamwona Anna Mary kwa mara ya kwanza, binti wa miaka mitano. Mwaka huohuo Robert, kifungua mimba wake, alifia gerezani akiwa askari katika vita vya Marekani. Livingstone aliandika kuwa anajuta kutocheza na watoto wake walipokuwa wadogo. Majuto yake yalikuwa ya kweli, lakini Mary hakuwepo tena kuyasikia.

Ndugu yangu, simtaji ili tumhukumu. Mungu alimtumia. Ila maisha yake yanatuonya sisi akina baba tunaodhani kazi njema, hata kazi ya Bwana, inatupa ruhusa ya kutowaona wake zetu. Katika Injili ya Yohana, sura ya 19, Yesu akiwa msalabani, katika kazi kubwa kuliko zote, alimwona mama yake na kumkabidhi kwa mwanafunzi wake. Wokovu wa ulimwengu haukumfanya amsahau mama.

Wewe uliyepata mtoto hivi karibuni umeona mwenyewe: uchungu wa kuzaa, usiku usio na usingizi, mtoto mgongoni na jembe begani, ndoo ya maji kichwani. Usingoje msiba ndipo umsifu. Beba maji wewe. Mshike mtoto ili mama alale. Siku ya kliniki, fuatana naye. Na kama mama yako mzazi bado yupo, mpigie simu leo baada ya ibada, umshukuru kwa yale usiyoweza kuyakumbuka kwa kuwa ulikuwa mgongoni mwake.

Bwana atupe macho ya kuona mapema. Jumapili njema.