Joy Adamson: Brashi Kabla ya Simba

Likitajwa jina la Joy Adamson darasani, wanafunzi wengi humkumbuka simba jike Elsa. Hawakosei, kwa kuwa kitabu alichokitoa mwaka 1960 kuhusu mnyama huyo kilisomwa pembe zote za dunia, na filamu ya mwaka 1966 ikalifikisha jina lake hata kwa wasiosoma. Lakini takriban miaka ishirini kabla ya Elsa, bibi huyu alikuwa ameshika brashi na kuinamia maua ya porini ya Kenya. Kazi hiyo haisemwi sana, ilhali kwa mwalimu na mwanafunzi huenda ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa ndani ya dola ya Austria na Hungaria. Leo mji huo huitwa Opava, nao umo katika Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walimwita Friederike Viktoria Gessner. Alikulia katika utamaduni wa Vienna, akasomea piano na kujaribu uchongaji. Mwaka 1937, siasa za Wanazi zilipozidi kutisha Ulaya, mume wake wa kwanza, aliyekuwa Myahudi, alimtuma Kenya atazame kama wangeweza kuhamia huku. Ndani ya meli alikutana na Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea. Safari hiyo iliubadilisha mkondo wa maisha yake: ndoa ya kwanza ilivunjika, na mwaka 1938 akaolewa na Bally, ambaye ndiye aliyempa jina la Joy, yaani Furaha.

Mwaka huohuo walifuatana na msafara wa Makumbusho ya Coryndon, ambayo sasa ni Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, hadi Vilima vya Chyulu. Bally alikusanya mimea na kuikausha kwa ajili ya hifadhi ya kitaalamu. Joy naye alianza kuichora kwa rangi za maji. Bally alitambua kipaji chake na kumhimiza aendelee. Kwa miaka iliyofuata alichora mamia ya mimea ya nchi hii. Picha zake zilipamba vitabu vya maua na bustani vya wakati huo, na nyingine zimo katika kitabu cha Dale na Greenway kuhusu miti na vichaka vya Kenya, kilichotolewa mwaka 1961. Mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kilimtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa michoro hiyo.

Maisha yake yaligeuka tena Garissa. Huko ndiko alikokutana na George Adamson, askari wa wanyamapori, mwishoni mwa mwaka 1942. Walioana mwaka 1944, na makazi yao yakawa Isiolo, katika jimbo lililoitwa wakati huo Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Garissa, Wajir, Mandera, Marsabit na Moyale zilikuwa sehemu ya jimbo hilo. Serikali ya kikoloni ilikuwa imelifunga, mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Kwa watawala wengi wa Nairobi lilikuwa jangwa tupu la miiba. Mchoraji wa mimea hawezi kuliona hivyo, kwa sababu macho yake yamezoea kusubiri mvua.

Msomaji huenda akauliza: kwa nini kuchora, ilhali mmea wenyewe unaweza kukaushwa na kutunzwa? Jibu liko katika nchi hii ya kaskazini kuliko kwingineko. Mmea wenye shina nene la maji, ukishinikizwa kati ya karatasi, hupoteza umbo na rangi. Tazama pia familia ya manemane na ubani, ambayo wataalamu huiita Burseraceae. Miti yake imejaa katika nyika za Wajir na Garissa, na utomvu wake huchumwa na kuuzwa. Kwa sehemu kubwa ya mwaka imesimama bila jani hata moja. Jamii kadhaa hutoa maua kabla ya majani kuchipua, na tunda huja baadaye. Anayekata tawi siku moja hupata sehemu tu ya habari. Mchoraji mwenye subira anaweza kurudi kwenye mti uleule msimu baada ya msimu, hatimaye akaweka jani, ua, tunda na gome katika ukurasa mmoja. Ndiyo maana Jan Gillett, mtaalamu aliyefanya kazi Nairobi kwa miaka mingi, alipoandika habari za familia hii ya Afrika Mashariki mwaka 1991, maelezo yake yaliambatana na michoro ya kalamu. Kamera haikuwa imeondoa haja hiyo, wala haijaiondoa leo.

Haifai kumsifu marehemu kupita kiasi. Mwaka 1949 Serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi. Picha hizo ni hazina, lakini zilitokana na hisia kwamba watu hao walikuwa mbioni kutoweka, kana kwamba utamaduni ni ua lisilo na mbegu. Tena, Joy alijulikana kuwa mkali kwa waliomfanyia kazi. Tarehe 3 Januari 1980 aliuawa katika hifadhi ya Shaba. Mwanzoni ilidhaniwa ameshambuliwa na simba, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba ni mkono wa binadamu, na kijana aliyewahi kuajiriwa naye alitiwa hatiani mwaka 1981.

Kuna deni jingine, nalo si lake peke yake. Vitabu vya mimea vya zama zile viliandika majina mengi ya kienyeji, lakini kwa kawaida havikuandika ni nani aliyeyataja. Mfugaji aliyemwonyesha mgeni mti, akamweleza mnyama gani huula na lini, hakupata nafasi hata chini ya picha.

Deni hilo laweza kulipwa Griftu, katika Wajir Magharibi, na katika kila shule ya kaskazini. Mtoto wa huko hujua mti unaoliwa na ngamia wakati wa kiangazi. Hujua malmal, ambayo ni manemane, na caday, ambao ni mswaki. Lakini akifungua kitabu cha biolojia hukutana na ua la haibiskasi na mbegu ya maharagwe. Hujifunza polepole kwamba elimu ni habari za mahali pengine, na kwamba anayoyajua yeye si elimu. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ukosefu wa maabara.

Mtaala wa umilisi unadai mwanafunzi atende, wala si kukariri tu. Karatasi, penseli na mti ulio nje ya ua wa shule vyatosha kwa kuanzia. Anayechora ua hulazimika kuhesabu petali zake, kutazama jinsi majani yanavyopangana na kugundua mwiba aliokuwa akiupita kila siku. Kisha na aandike chini ya mchoro tarehe, mahali, jina la mmea kwa Kisomali, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wataalamu. Na katika mstari wa mwisho aweke jina la mzee aliyemfundisha. Joy Adamson alituachia mfano wa jicho lenye subira. Mstari huo wa mwisho hakuuandika. Umebaki kwa wanafunzi wetu kuuongeza.